Gongo zito la kriketi lisiwe zoezi la watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu mtindo ulioingia katika mazoezi ya kriketi ya vijana hapa Dar es Salaam, wa kuwapa watoto magongo mazito na makubwa kupita kiasi ili, kama wanavyosema wenyewe, "wajenge mkono". Nieleze mapema kwamba gongo ninalolizungumzia ni la kupigia mpira, si lile linalopikwa vichochoroni, ingawa yote mawili yakitumiwa bila kipimo humlaza mtu.

Jumamosi moja asubuhi nilimsindikiza mazoezini mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 12. Mwalimu wake alimkabidhi gongo lililochongwa na fundi seremala kwa mbao ya mkongo, pana kuliko kibao cha kukatia mboga, na mpini wake umeviringishiwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Liliponipita mkononi nilishangaa, nikaomba ruhusa, nikalipeleka kwenye mizani ya muuza nyama aliye ng'ambo ya barabara: kilo 3 na robo. Gongo la kawaida la mtu mzima huwa kati ya kilo 1.1 na 1.4, na la mtoto wa umri ule ni kilo moja hivi au pungufu.

Nilikaa pembeni ya nyavu nikatazama. Mipira kumi ya mwanzo mtoto aliinua gongo vizuri, kisha kiwiko cha mbele kikaanza kuanguka, mkono wa chini ukachukua kazi yote, na gongo, badala ya kushuka wima kutoka nyuma ya bega, likawa linakuja kwa kufagia kutoka ubavuni. Aliporudishiwa gongo lake mwenyewe, ambalo sasa alilisikia jepesi kama mwiko, alilipeleka mbele kabla mpira haujamfikia, na mara tatu mfululizo vijiti vya wiketi, vile vitatu anavyovilinda mpigaji, vikaangushwa nyuma yake. Mwalimu alifurahi, akaniambia, "Umeona, mzee, mkono ulivyochangamka!" Mimi niliona mtoto aliyepoteza kipimo chake cha wakati.

Tatizo si uzito peke yake, bali mahali uzito huo ulipo. Ukiusogeza uzito uleule mbali na mikono maradufu, ugumu wa kuuzungusha haupandi mara mbili bali mara nne, na gongo pana la mkongo limebeba karibu uzito wake wote upande wa chini, mbali na kifundo cha mkono. Watu huniambia kwamba mama zetu wametwanga kwa mchi tangu utotoni na mikono yao haikuvunjika. Ni kweli, lakini mchi huinuliwa kisha huachiwa, uzito wake wenyewe ndio unaofanya kazi, na kinu ndicho kinachousimamisha. Gongo halina kinu. Likishapita mbele ya mwili ni lazima lisimamishwe na kiwiko, bega na kiuno cha aliyelishika, na kwa mtoto, ambaye ncha za mifupa yake bado zina gegedu laini mahali ambapo mfupa unaendelea kurefuka, kazi hiyo ya kusimamisha ndiyo yenye hatari kuliko ile ya kupiga.

Silaani zoezi lenyewe. Wacheza mieleka wa India wamejenga mabega kwa kuzungusha rungu zito liitwalo mugdar kwa vizazi vingi, na mpigaji aliyekwisha kukomaa mwili anaweza kufaidika na gongo lililozidi uzito kidogo, akilizungusha polepole bila mpira, katika siku iliyotengwa kwa ajili ya nguvu. Asichopaswa ni kulizungusha kwa kasi dakika chache kabla ya kuingia uwanjani. Wenzetu wa besiboli huko Marekani, ambao kwa miaka mingi wamezoea kuvisha gongo pete ya chuma wanapopasha mwili, wamekwisha kupimwa na watafiti, na ikaonekana kwamba baada ya kuivua pete hiyo mchezaji huhisi gongo lake limekuwa jepesi na la haraka, ilhali kasi yake halisi imepungua. Katika kriketi, ambako mpira wa kilomita 140 kwa saa humwachia mpigaji kama nusu sekunde tu, hisia ya uongo ya namna hiyo ni gharama kubwa.

Najua nitatajiwa Sachin Tendulkar, mpigaji mashuhuri wa India. Naam, alipiga kwa gongo zito kuliko la wenzake wengi, lakini alikuwa amelizoea kwa miaka, na yeye pia aliugua kiwiko mwaka 2004 hadi akafanyiwa upasuaji. Sidai kwamba gongo ndilo lililomuumiza. Nasema tu kwamba mfano huo haumsaidii anayeutoa. Mimi ningemtaja mpigaji Don Bradman, ambaye utotoni kule Bowral, Australia, alikuwa akipiga mpira wa gofu kwa kijiti cha wiketi, ukigonga msingi wa matofali wa tangi la maji na kumrudia bila mpangilio. Kijiti chembamba, mpira mdogo, hakuna uzito wowote. Na wastani wake katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku kadhaa, ulikuwa mikimbio (pointi za mpigaji) 99.94.

Sheria za mchezo hazitatusaidia hapa. Upana wa gongo uliwekewa kikomo katika sheria za mwaka 1774, baada ya mchezaji Thomas White kuingia uwanjani huko Uingereza mwaka 1771, timu ya Chertsey ikicheza na ya Hambledon, akiwa na gongo pana kama wiketi yenyewe (huyu angeelewana sana na seremala wetu), na tangu mwaka 2017 unene nao una mpaka. Uzito haujawahi kuwekewa mpaka wowote, na sheria hizo zote ni za mechi, si za mazoezi. Ndiyo maana nawaomba viongozi wa Chama cha Kriketi Tanzania watoe mwongozo mfupi kwa walimu wa vijana: mtoto asipewe gongo zito kuliko lake la kuchezea, na wakubwa watakaolitumia waongeze uzito kidogo kidogo, wala wasipigie mpira. Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki, ikiwekwa kwenye kila begi la vifaa itamaliza ubishi mwingi.

Kwa sasa mjukuu wangu anafanya zoezi la Bradman uani kwangu, kwa kijiti na mpira wa tenisi. Kiwiko kimeanza kurudi juu, rangi ya ukuta imeanza kubanduka, na bibi yake amekwisha kunitaka nitafute ukuta wa jirani.

Mpigaji mstaafu,
Upanga, Dar es Salaam