Barua kwa Sechelela: Paa liko wapi?

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni, Agosti

Mpendwa Sechelela,

Mbukwa, shoga yangu. Sisi huku wazima, ila vumbi. Upepo wa mwezi huu unaujua mwenyewe: asubuhi unafagia, saa sita chamchela inapita inakurudishia takataka zako zote pamoja na za jirani. Mama yuko Bahi. Magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo, anakusalimia na anauliza hao dagaa wa Mwanza watafika lini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Dakika saba! Nikaona nikikujibu kwa sauti tutaishia kucheka tu, nikatafuta karatasi. Unasema mwanao Elia yuko darasa la nne na ameacha kutengeneza vitu. Yale magari ya mabua aliyokuwa akikujazia sebuleni hayapo tena. Ukimwambia achore, anajibu "sijui kuchora", na juzi umempa maboksi ya viatu akakuuliza ayafanyie nini. Ndipo ukauliza: shule ndiyo inammaliza, au ni kukua tu? "Wewe ni mwalimu, nijibu."

Haya. Kwanza nikiri jambo.

Mwaka juzi nilikuwa na darasa la tatu, watoto tisini na sita. Tulikuwa kwenye mada ya makazi. Nikachora nyumba ubaoni kama tulivyochorewa sisi: mraba, juu yake pembetatu, mlango katikati, dirisha huku na huku, na dohani inayotoa moshi. Dohani, Sechelela! Wapi Nkuhungu umewahi kuona dohani? Nikawaambia kila mmoja achore nyumba ya kwao na kuandika sehemu zake. Jioni nikabeba madaftari nyumbani. Unasahihisha huku maharage yanachemka, na ukifika daftari la hamsini husomi tena, mkono unakwenda wenyewe. Nikafika kwa binti mmoja aliyehamia kwa shangazi yake kutoka vijiji vya Chamwino. Alikuwa amechora mstatili mrefu, mfupi wa kimo, juu umenyooka kama meza. Kwenye ule mstari wa juu aliweka maboga matatu na kuku mmoja. Mlango ulikuwa mmoja tu, mdogo. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Paa liko wapi?" Nikampiga kosa, nikafungua daftari linalofuata.

Mimi, shoga! Mimi niliyezaliwa kwenye tembe. Mimi na wewe tuliotumwa juu ya tembe la bibi yako kuanika mlenda, tukaanza kurukaruka mpaka udongo ukadondokea kwenye chungu, bibi akatoka na mwiko mkononi! Tembe lina paa bapa la miti na udongo, ndiyo maana maboga yanakaa bila kuviringika. Yule mtoto alichora nyumba ya kwao sawasawa kabisa.

Sikugundua siku hiyo. Zilipita wiki kadhaa, nikaenda kumwona mama, nimekaa chini ya mkwaju natazama lile tembe letu la zamani ambalo sasa ni banda la mbuzi. Kuku alikuwa juu, anapekua. Nilisikia mwili unapoa. Jumatatu nikamwita yule binti, nikamwambia mwalimu alikosea, nikalifuta kosa mbele yake nikaweka pata. Akaitika "ndiyo, mwalimu", ile ndiyo ya kutaka aruhusiwe aondoke. Nikamwomba anichoree nyumba nyingine. Akachora mraba, pembetatu na dohani. Moshi aliupaka vizuri sana.

Kwa hiyo siwezi kukuambia shule haihusiki. Wino ulikuwa wangu.

Lakini na kukua nako kumo. Nilipokuwa nasomea shahada tulifundishwa habari za Mmarekani mmoja, Torrance, aliyeanza mwaka 1958 kupima ubunifu wa watoto wa shule huko Minnesota na kuwafuatilia miaka na miaka. Baadhi ya vipimo vyake ni vya kawaida tu: hili ni kopo, taja kazi zake zote unazoweza kufikiria. Aliona watoto wengi wakifika darasa la nne wanashuka, halafu baadhi yao wanapanda tena mbele ya safari. Darasa la nne, kama Elia wako, na wale hawakuwa na huu upimaji wetu wa kitaifa wa kuwanyima usingizi. Ni umri ambao mtoto anaanza kujitazama kwa macho ya wenzake. Jana gari lake lilikuwa basi la Mwanza, leo akiliangalia anaona mabua. Hilo hakufundishwa na mwalimu.

Mwaka jana nikajaribu mwenyewe, kwa utundu tu. Nikaingia darasa la pili na kopo tupu la maziwa ya unga. Niliuliza, hili tunaweza kulifanyia nini? Wacha wee. Ngoma. Koroboi. Kupimia karanga. Simu ya kamba. Nyumba ya panzi. Kofia ya mtoto mwenye kichwa kidogo. Mmoja akasema kulitoboa chini umwagilie mchicha, mwingine akasema kaburi la chura. Nikashindwa kuwanyamazisha. Nikachukua kopo lile lile nikaenda darasa la sita. Kimya. Wakatazamana. Mwishowe kijana mmoja, wa kwanza darasani, akanyoosha mkono kwa adabu: "Samahani mwalimu, hili swali liko kwenye mada gani?"

Nilicheka, lakini yule kijana hakuwa mjinga. Angalia tunachowapa. Kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili ilikuwa na sehemu ikiitwa Utungaji. Unajua walichokuwa wakitunga? Walipewa sentensi nne zilizovurugwa, wazipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mtoto alimaliza utungaji bila kutunga sentensi hata moja. Akishapata herufi, alisiliba, yaani alipaka penseli kwenye alama ya jibu. Kwa miaka kadhaa hata Hisabati ilikuwa ya kusiliba tu, baadaye yakarudishwa maswali machache ya kuonyesha njia. Nisimlaumu aliyetunga mitihani, maana kusahihisha insha za nchi nzima si mchezo, na mimi mwenyewe na madaftari tisini na sita umeona nilivyofanya. Lakini mtoto anajua kinacholipa. Akijua jibu tayari liko kwenye karatasi, na kazi yake ni kuliona kabla mwenzake hajaliona, kwa nini ahangaike na kaburi la chura?

Hata safari tunaziharibu. Tuliwapeleka Kolo, Kondoa, kuona michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watoto wamesimama chini ya mwamba, juu kuna watu wembamba warefu wa rangi nyekundu na twiga na pofu, wale swala wakubwa. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, waliruhusiwa kuchora ukutani?" Swali zuri namna ile! Kabla sijafungua mdomo mwenzangu akapiga makofi: toeni madaftari, andikeni umuhimu wa michoro ya Kolo, moja, utalii.

Na usifikiri sisi walimu hatujaambiwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwenye Elimu ya Kujitegemea kwamba shule ijenge akili ya kudadisi. Sisi chuoni tuliikariri kwa hoja tano.

Sasa nigeuze kidogo, maana najua ukifika hapa umeshaanza kutafuta shule nyingine, ile ya ada ya milioni. Tulia. Tukisema watoto ni wabunifu tunasahau walivyo hodari wa kuiga. Unakumbuka magari ya pale kwetu? Yalikuwa kama ishirini, na yote yalikuwa gari moja: fremu ya waya, magurudumu ya ndala, ekseli ya spoku. Ni kaka yako peke yake aliyeweka usukani mrefu wa kushika umesimama, na kesho yake wote wakawa nao. Sisi wengine tulikuwa mafundi wa kuiga, na tulifurahi vilevile. Na watu wanapenda kumtaja marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki, Mgogo mwenzetu, kama ushahidi kuwa ubunifu hautoki darasani. Ni kweli hakuipata ilimba, ile ala ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, darasani. Lakini ilimba ina wenyewe na ina mapigo yake, huingii ukabonyeza unavyotaka. Alifunzwa na kuiga wakubwa kwanza, na ilipomkaa mikononi ndipo akaanza kuitengeneza kubwa zaidi na kuipeleka alikotaka. Halafu akawa mwalimu, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kufundishwa hakukumdhuru.

Na wewe mwenyewe? Darasa la saba hukuchaguliwa. Nakumbuka ulivyojifungia, na mwalimu mmoja aliyesema mbele ya mama yako kwamba kichwa chako hakishiki. Leo mteja anakuletea kitenge na picha ya gauni kwenye simu, unakitandika, unakizunguka mara mbili, unasema mama, hili halitakukaa, ngoja. Halafu unakata bila hata kuchora chaki. Una miaka thelathini na tisa. Nani alikumaliza? Mimi niliyefaulu, niliyeimbiwa wimbo uwanjani, ndiye niliyeshindwa kuona paa. Nimeliwaza hilo sana usiku, na sikuandikii ili unifariji.

Naona sasa kwamba walichonipa shuleni ni mazoea ya kupata jibu kabla ya kutazama, na nilizawadiwa kwa hilo miaka kumi na sita mfululizo. Wewe hukuzawadiwa, ukaendelea kutazama. Ila hesabu za sehemu na futikamba ulizipata pale pale shuleni, usijifanye umesahau. Robo na nusu robo nilikufundisha mimi kwa vipande vya muwa.

Kuhusu Elia basi. Usimwambie "wewe ulikuwa mbunifu, umekuwaje?" Utamfanya ajione amekufa. Usimsifie kila anachogusa pia, wanajua tukidanganya. Wale darasa la sita walioninyamazia kopo, mapumziko niliwakuta uwanjani na chandimu yao. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 wanasuka mpira kwa viroba na soksi, na wanajibizana kuhusu kamba kama wahandisi: isokotwe huku, hapana, itaachia. Yule wa kwanza darasani ndiye aliyekuwa ameushika, anaubinya kujua upande gani ni mlaini. Hakuna aliyewauliza swali, na hakuna aliyekuwa na kalamu nyekundu karibu. Kwa hiyo mpunguzie twisheni ya Jumamosi, hata hiyo moja tu. Mwachie kona ambayo hutafagia. Na akikuonyesha kitu, uliza kinafanyaje kazi kabla hujasema kizuri au kibaya. Mimi ndilo ninalojifunza sasa, na ninashindwa siku nyingi.

Bora zaidi, mlete likizo ya Desemba. Mvua zitakuwa zimeanza, lakini mama amehifadhi mabua makavu ya mtama kwenye lile tembe la mbuzi, na nimeshaongea na fundi baiskeli wa Sabasaba anitunzie spoku. Kinachonishinda ni magurudumu. Hapa kila mtu siku hizi anavaa yeboyebo, na zile ukizikata kwa wembe zinapasuka ovyo. Nitafutie ndala za zamani huko kwenu, zile nene za mpira, hata zilizokatika mikanda. Pea tatu zitatosha, nne kama atataka kuweka na tela.

Msalimie baba Elia.

Wako,
Nyemo