Barua kwa mwanangu: njoo hata kama umeinama

Bwana Yesu asifiwe, baba.

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo, kwa sababu nikikaa zaidi ya robo saa mguu wa kushoto unaanza kuwaka, kuanzia kwenye kalio mpaka kisiginoni. Ndiyo sababu utaona mwandiko unapanda na kushuka. Nikimaliza, dada yako ataipiga picha barua hii akutumie kwenye simu, lakini karatasi yenyewe nitakuwekea ndani ya Biblia yangu.

Ulipokuwa hapa Desemba uliniuliza swali nikashindwa kukujibu. Tulikuwa nje kwenye kichanja cha vyombo, mimi nasuuza, wewe unapanga. Ukasema, "Mama, umeomba miaka sita. Mbona mgongo haujapona?" Hukuuliza kwa kejeli, niliuona uso wako. Nami nikasema tu, "Mungu ana wakati wake," nikaendelea na masufuria. Lilikuwa jibu la kukwepa, na wewe ulistahili jibu la kweli. Baada ya ile simu ya Jumanne nimeelewa kwamba hukuwa unauliza habari za mgongo wangu peke yake. Nitafika huko. Ngoja kwanza nikusimulie ambayo sikuwahi kukusimulia, maana wakati yanatokea ulikuwa shule ya bweni na niliagiza usiambiwe.

Ilikuwa Mei 2019, masika yamekolea, udongo wa ile njia ya kutoka mtoni unateleza kama umepakwa mafuta. Nilikuwa nimekata majani ya ng'ombe, nikaufunga mzigo mkubwa ili yatoshe siku mbili. Majani yaliyolowa mvua ni mazito, wewe unajua. Hakukuwa na mtu wa kunitwisha. Nikainama, nikauvuta mzigo huku nimejipinda, nikataka kuurusha kichwani kama nilivyofanya tangu nikiwa msichana. Nikasikia kitu kiunoni kinalia *ta!* kama kijiti kikavu. Nilikaa pale kwenye matope, mikono chini na magoti chini, mpaka jirani yetu alipopita akielekea kisimani.

Tulidhani nimeteguka tu. Nikakandwa, nikachuliwa, nikanunua diklofenaki dukani wiki baada ya wiki mpaka tumbo nalo likaanza kuniuma. (Usifanye hivyo wewe. Daktari alinieleza baadaye kwamba zile dawa ukizitumia muda mrefu kiholela zinachubua tumbo na kuumiza figo.) Mguu ulipoanza kufa ganzi, baba yako hakusema kitu. Aliita mafundi wa msumeno, wakaangusha ile migrevilea miwili ya mpakani aliyokuwa anaitunza kwa ajili ya kuezeka nyumba upya. Hela ya mbao ndiyo iliyolipa kipimo cha MRI pale KCMC. Mimi na hospitali ile ni umri mmoja, sote wa 1971, na siku ile niliingia getini nikitembea kama bibi wa miaka tisini.

Daktari alikuwa kijana, ana subira. Alinionyesha picha. Akasema kiunoni tuna pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama kimto chenye ute mzito ndani, ndicho kinachopokea uzito tunapobeba na kuinama. Kimto cha kati ya pingili ya nne na ya tano kilikuwa kimepasuka ukuta, ute umetokeza, umekandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kwa hiyo ugonjwa uko kiunoni lakini kilio kinasikika kwenye unyayo. Nilimuuliza kuhusu kisu. Akaniambia walio wengi hutulia bila kupasuliwa, ila akanionya vikali: siku nikishindwa kuzuia haja, au nikihisi ganzi sehemu za siri, nisingoje kuche, nikimbizwe hospitali usiku huohuo. Akanikataza pia kushinda kitandani. Tembea mama, akasema, tembea kidogo kidogo kila siku.

Maumivu ya mwili nisikufiche, ni makali. Lakini kilichonivunja zaidi ni kukaa kwenye kiti na kuona nyumba inaendeshwa bila mimi. Mwaka uleule ng'ombe wetu mwekundu akafa kwa ndigana, akiwa na mimba ya miezi saba. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa ada yako. Dada yako naye akarudi nyumbani na mtoto mgongoni, ndoa imemshinda, akanikuta mama yake siwezi hata kumpokea mzigo. Usiku nilikuwa nalia chini ya shuka, nikiwa makini mwili usitikisike, kwa sababu hata kulia kulikuwa kunaniuma kiuno.

Ndipo nikapelekwa kwenye mkutano wa maombezi. Sitataja wapi wala nani. Mhubiri alituita mbele sote wenye shida za viungo. Akaniambia nivue mkanda wa mgongo niutupe, niiname niguse vidole vya miguu, kwa imani. Baba, niliinama. Nilitaka kupona kwa moyo wangu wote, na mbele ya watu wale wote sikutaka kuonekana mama asiye na imani. Nikaanguka. Nilirudi nyumbani nimelazwa kiti cha nyuma cha teksi, na maneno yaliyonisindikiza ni kwamba imani yangu ilikuwa na ufa. Siku tatu sikuinuka. Siku tatu hizo sikuomba hata neno moja, na ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote anasikia jambo hili kutoka kwangu.

Siku ya nne baba yako aliingia chumbani na beseni la maji ya vuguvugu. Nilikuwa sijafika miguuni kwangu kwa wiki kadhaa. Kucha zilikuwa zimeota, nyufa za kisigino zimejaa udongo mkavu. Unamjua baba yako, si mtu wa maneno, na huku kwetu mlimani hukuti mwanamume wa rika lake akifanya kazi hiyo. Alikunja suruali, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaloweka mguu wa kulia, halafu wa kushoto, ule wenye ganzi. Akasugua na kipande cha gunzi. Akakata kucha moja moja kwa wembe, na kila akimaliza moja anashikilia kidole kidogo, kama mtu anayehakikisha hajamkata mtoto. Mguu wa kushoto nilikuwa sihisi kitu, lakini nilikuwa naona. Nimefundisha Sunday school miaka kumi na minane, nimesimulia habari za Yesu na beseni na taulo kila Alhamisi Kuu, na sikuwahi kuwaza ilikuwaje kwa yule aliyeoshwa. Ilikuwa aibu kwanza. Halafu aibu ikaisha.

Jioni ile nikaanza kuomba tena. Sikuomba kupona. Nilisema tu, "Bwana, nipo hapa."

Jumapili iliyofuata nikaenda ibadani. Kukaa kwenye benchi siwezi, kwa hiyo nilisimama nyuma kabisa, nimeegemea ukuta karibu na mlango, ibada nzima. Waliogeuka walidhani nimechelewa. Nikawa hivyo kila Jumapili. Sasa, siku moja somo likawa lile la Luka 13, la mwanamke aliyepinda mgongo miaka kumi na minane asiweze kujiinua kabisa. Nimelisikia tangu utoto, na siku zote niliruka haraka nifike pale anaponyooka. Siku ile, nikiwa nimeegemea ukuta, nilinasa mahali pengine: Yesu alimkuta ndani ya sinagogi. Yaani miaka yote ile alikuwa anakwenda. Alikuwa anatembea huku anatazama vumbi na miguu ya watu, sabato baada ya sabato, amepinda vilevile. Na siku ile wala hakuomba kitu. Yesu ndiye aliyemwona akamwita.

Basi jibu langu, mwanangu, ndilo hilo. Kwa nini sijanyooka siwezi kukwambia. Ila nakwambia kwamba naonwa nikiwa nimepinda, na kwamba hilo si maneno ya kujifariji, ni kitu ninachokipitia kila alfajiri. Unajua ninavyoamka? Siwezi kuinuka moja kwa moja. Nageuka kwanza ubavu nikisema, "Baba yetu uliye mbinguni." Nateremsha miguu pembeni ya kitanda, "Ufalme wako uje." Najisukuma kwa kiwiko taratibu, mgongo umenyooka. Nikifika "Utupe leo riziki yetu" huwa nimeketi, na hapo natulia, maana ndipo panapouma kuliko pote. Leo. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake utolewe, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Zamani neno hilo lilikuwa linaniudhi, kwa sababu watu walinirushia ili ninyamaze. Siku hizi nalisikia kama kibaba cha unga: kinatosha ugali wa leo. Cha kesho hakijapimwa.

Sasa ile simu ya Jumanne.

Mwanamume alinipigia, hakunisalimia. Akataja jina lako lote, akasema nimeandikwa kama mtu wako wa karibu, na kwamba usipolipa kufikia Ijumaa picha yako itasambazwa kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako. Akanitolea na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilikata simu, nikampigia rafiki yako, na usimkasirikie, nilimbana. Ndipo nikajua kwamba kazi ya ghalani iliisha tangu Oktoba. Kwamba lile shati la baba yako, vitenge vyangu viwili, ule mchele wa kilo ishirini na tano na nauli ya Krismasi vyote vilitoka kwenye mikopo ya riba kubwa, hii ya kausha damu, mmoja ukikopwa kulipa mwingine.

Baba, najua Desemba ya huku kwetu ilivyo. Magari yanapanda mlima yamejaa, kila mtu anaangalia nani amerudi na nini, na kijana akija mikono mitupu anasemwa mpaka masika. Ulijitwisha mzigo peke yako, umejipinda, bila wa kukutwisha, kama mimi njia ya mtoni. Hicho ndicho kinachoniuma, si hela. Na kosa la kwanza ni langu, mimi niliyeagiza usiambiwe kuhusu mgongo. Nilikufundisha kwa vitendo kwamba mtu akiumia katika familia hii anajificha. Nisamehe.

Rafiki yako aliniambia pia kwamba huendi tena ibadani, kwamba unasema utarudi mambo yakikaa sawa. Usingoje yakae sawa. Nenda Jumapili hii na hayo madeni yako, na hasira yako, hata kama huna sadaka ya kushika mkononi. Simama nyuma karibu na mlango. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma huku, saa ileile.

Na haya tuliyoyapanga na baba yako, uyasome vizuri. Usikope tena hata shilingi moja kulipa mkopo mwingine. Andika yote unayodaiwa, nani, kiasi gani, ulipokea ngapi na umesharudisha ngapi, ututumie bila kupunguza. Kesi ya vitisho na kusambaziwa picha ipeleke polisi ukiwa na ushahidi, kwa hiyo usifute ujumbe wowote wanaokutumia. Kikoba chetu kinavunjwa mwishoni mwa mwezi huu, fungu langu nimekwisha kuliongelea. Mtamba hatutamuuza, anakaribia kuzaa na dada yako ndiye anayemhudumia. Maziwa yake yatatusaidia wote.

Ukiona Dar imekubana, rudi nyumbani. Kahawa inahitaji kupogolewa, na miche mipya baba yako anashindwa kuchimbia mashimo peke yake. Kodi ya chumba unayolipa huko inaweza kulipa deni. Na usihangaike kutafuta jani la isale la kuja nalo kuomba msamaha, hakuna aliyekukasirikia ndani ya nyumba hii. Baba yako, nilipomsomea kipande hiki, alitoka akaenda kuangalia kitanda chako kile cha chumba cha uani. Nimesikia anagongelea chaga.

Nauli nitakutumia Ijumaa jioni. Panda basi la asubuhi ufike mchana, mvua zimeanza na usiku njia ya kupandia huku haipitiki. Ukifika njia panda piga simu, nitashuka kukupokea. Ni mwendo wa dakika arobaini kwa mwendo wangu wa sasa, na daktari alisema nitembee.

Mama yako anayekupenda.