Mtwara Kuchele: Salamu za Sikukuu kutoka Mashujaa

Ndugu zangu wa Mtwara, mlio nyumbani, mlio Dar, na ninyi mlio kwenye basi saa hizi mkiulizana kama Nangurukuru imeshapita: salamu nyingi. Krismasi njema kwa mnaokwenda kanisani, na sikukuu njema kwetu sisi majirani tunaosubiri sahani ya pilau ipite ukutani. Idi mlikula kwetu, sasa zamu yetu.

Desemba imekuja na mambo yake. Kaskazi imeshika, mtu anatoka jasho amekaa tu. Embe zimejaa mpaka watoto wanachagua, wanauma moja wanaitupa. Aliyekwishalipwa korosho zake anaonekana kwa fundi cherehani na dukani kwenye mabati. Ambaye fedha yake bado iko njiani anaonekana kila asubuhi mlangoni kwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Huyo nampa pole kwanza, heri ya mwaka mpya atapewa akishalipwa.

Jioni ya sikukuu, wengi wetu tutaishia Mashujaa Park. Nimewahi kumsikia mgeni akiuliza pana nini pale cha kutazama. Swali la haki. Mtwara haina bustani ya wanyama wala mabembea ya umeme. Kilichopo ni nafasi, na nafasi hiyo ina historia yake.

Mji huu ulipangwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili wapate mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Mazao ya Nachingwea yalihitaji mlango wa kutokea baharini, na ghuba ya Mtwara ina kina kirefu. Basi ikachorwa bandari, ikachorwa reli, ukachorwa na mji wenye barabara pana na viwanja vilivyoachana, mji wa watu wengi kuliko waliokuwapo. Karanga zikagoma. Mvua haba, udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, matrekta yanakufa shambani. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mradi. Bandari ikakamilika 1954, mzigo wake ukiwa umeshakufa, na reli nayo ikang'olewa miaka ya 1960 mwanzoni. Upana ndio uliobaki. Anayetoka Kariakoo akashuka hapa hushangaa mji unavyopumua. Anadhani watu wamesafiri.

Mimi naona katika hasara yote ile, hiyo nafasi ndiyo faida tuliyoachiwa, na hatukuilipia.

Na jina la Mashujaa si la mapambo katika mkoa huu. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza Septemba 1964 vilikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu, na wazee wa vijiji vya mpakani hawahitaji kitabu kuvisimulia. Nje kidogo ya mji, Naliendele, wamelala wanajeshi wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Ukiwa na wageni mwaka huu, wapeleke asubuhi, kabla jua halijakali. Halafu jioni ndiyo muwalete kwenye kelele.

Kelele zenyewe mnazijua. Saa kumi jua likilegea, wanaanza kuingia: mabinti wa gauni za kufanana waliokatiwa kitambaa kimoja, kaka mdogo amevalishwa suti ya kumfika kesho kutwa, mikono imemezwa na mikunjo. Muuza ashkrimu anapiga kengele ya baiskeli. Mama wa korosho ana beseni kichwani na vipakiti amevifunga kwa moto wa mshumaa. Ukimwomba nyongeza anakupa mbili, anakuuliza umeoa. Mpiga picha anawapanga watu wasiofahamiana kwenye picha moja kwa sababu mwanga ni mzuri upande ule. Huwezi kumtambua nani wa Krismasi na nani wa Idi, ila kwa anayelipa.

Ombi langu ni dogo. Makopo na mifuko tuondoke nayo, maana tarehe 26 asubuhi pale huwa hapatazamiki. Na tukisikia tetesi kwamba kuna mtu ameona pale panafaa kwa fremu za maduka, tusingoje kuziona nguzo zimesimama ndipo tuulize.

Mwenye nguvu iliyobaki ashuke Shangani maji yakiwa yamekupwa, atembee na watoto mchangani, au avuke na kivuko mpaka Msangamkuu akale samaki. Wanaopenda utulivu waingie kanisa la Mtakatifu Paulo kule Majengo, ukuta mzima una picha za hadithi za Biblia. Mimi Mwislamu nimezitazama nikachoka shingo.

Heri kwa manesi wa zamu, makuli wa bandarini, walinzi wa maghala na madereva watakaolala Rufiji. Heri ya mwaka mpya kwa wote. Na ninyi wa Dar mliokosa nauli, semeni mapema: korosho za kukaanga tutazituma kwa basi la alfajiri, mkazipokee Mbagala.