Salamu za Krismasi kutoka Moshi: nguo ya Memorial, mtori na mnada wa kanisani

Bwana Yesu asifiwe! Na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Salamu ziwafikie nyote, mlioko mjini na mlioko migombani, pamoja na ninyi mnaofunga mizigo Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma mje "kuhesabiwa", kama watani wanavyotusema kila Desemba. Nauli imepanda kama kawaida yake, lakini njooni.

Ada za Januari zinaanza kuonekana kabla hata mbuzi hajachinjwa, na mwenye watoto anajua hesabu hiyo haina utani. Kwa hiyo mwaka huu tumeona tumshukuru Mungu kwa vitu vya bei ndogo, vile ambavyo ukivijua vizuri vinakutosha na chenji inabaki. Tatizo la kitu cha bei ndogo ni moja tu: kinadai muda. Majilio ina Jumapili nne kabla ya sikukuu, na kazi yote inaingia humo, ila kwa anayengoja tarehe 23.

Tuanze na nguo. Memorial, soko letu la mitumba, nenda asubuhi, na mwulize muuzaji wako anafungua balo siku gani, wengi hawafichi. Ukishachagua, toka na nguo chini ya turubai uitazame juani. Turubai la bluu linadanganya rangi, na shati ulilodhani ni jeupe pee ukifika nyumbani kola ni ya njano. Angalia kwapa, kola, zipu na mshono wa katikati ya suruali, kwa mpangilio huo. Njano ya kwapa ikiwa imekakamaa, liache. Ikiwa bado laini, loweka saa moja kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, kisha fua kwa sabuni. Usikimbilie jiki: ikikutana na jasho lililokaa kwenye kitambaa, njano inazidi.

Desemba mjini Moshi kuna joto, na kanisani siku hiyo watu wanabanana hadi nje, kwa hiyo tafuta pamba. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uwashe kando, mbali na nguo za watu. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polyesta inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu. Sweta za sufu ni za ndugu wa Marangu na Kibosho, huko mlimani jioni inahitaji kitu cha kujifunika. Zifue kwa maji baridi bila kuzisugua, maana maji ya moto yanaibana sufu na sweta la baba linakuwa la mtoto wa darasa la pili.

Viatu ndivyo vinavyoumiza wengi. Kiatu kinang'aa, kimevaliwa mara mbili huko kilikotoka, kumbe kimekaa stoo miaka. Soli za povu, zile nyepesi na laini, zinaoza zenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama hazijavaliwa. Bonyeza soli kwa ukucha: ikibaki alama au ikitoa unga, rudisha mezani. Kikunje pia, usikilize kama gundi inalia. La sivyo soli itabaki kwenye ngazi za kanisa wakati wa kutoa sadaka, na hakuna atakayejifanya hajaona.

Nguo ifuliwe kwanza ndipo iende kwa fundi, kwa sababu pamba ikishonwa kabla ya kufuliwa inaweza kupungua ikiwa tayari imekatwa. Za watoto mwambie fundi akunje pindo la sentimita tano ndani, asilikate, Pasaka utalishusha. Na mpelekee kabla ya katikati ya mwezi. Baada ya hapo fundi wa Desemba ana jibu moja tu, "njoo kesho," na kesho hiyo huwa ya Januari.

Sasa jikoni. Pilau tunalijua wote. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ndio unaohitaji maneno, hasa kwa wakwe wapya watakaokabidhiwa sufuria kwa mara ya kwanza.

Kwa watu kumi chukua ndizi mshare 20 hadi 25, mbichi kabisa, nyama ya mifupa kilo moja (kifua au mbavu ni bora kuliko steki), vitunguu viwili, maziwa nusu lita, siagi vijiko viwili na chumvi. Nyama ianze peke yake na maji mengi, saa moja hadi moja na nusu, mpaka iache mfupa. Wakati huo menya ndizi. Paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu kwanza, utomvu usishike. Na usimenye ukiwa na nguo ya kanisani! Utomvu wa ndizi ukikauka kwenye kitambaa unabaki kahawia milele, na kazi yote ya Memorial imekwisha hapo. Ndizi zilizomenywa zitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi. Ukiweka limao kwenye maji hayo, zisuuze vizuri kabla hazijaingia chunguni, maana limao likikutana na maziwa yanakatika.

Toa nyama, chuja supu, tia ndizi na vitunguu kwenye supu hiyo, zichemke dakika 30 hadi 40. Ponda kwa mwiko zikiwa za moto, ukiongeza supu kidogo kidogo. Supu ikimwagwa yote kwa pamoja, mabonge yanaelea na hayapondeki tena. Mabonge pia hutokana na ndizi zilizoanza kuiva. Hizo zinaleta na utamu ambao mzee yeyote ataugundua kwenye kijiko cha kwanza. Maziwa na siagi vinaingia mwishoni, moto mdogo, na nyama inarudi ikiwa imechambuliwa. Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue chini: hamishia ulichonacho kwenye sufuria nyingine, ya chini iachie mbwa. Uliolala utakuwa mzito asubuhi, uongezee supu au maziwa ya moto.

Wanaopika kiburu, yaani ndizi na maharage, wapate angalizo dogo. Huko juu kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yaliyoiva vizuri mjini yanakuwa magumu kwa bibi. Yaloweke usiku kucha, yaive kwanza peke yake, ndipo ndizi zifuate. Nyanya ziingie mwisho kabisa, ukali wake unachelewesha maharage kulainika.

Kuhusu mbuzi, mwite jirani Mwislamu achinje. Ni jambo la dakika chache na linafanya mtaa mzima ule pamoja. Kitimoto kikiwepo, kiwe na sufuria lake, kisu chake na jiko lake, na wageni waambiwe mapema bila kunong'ona.

Kanisani, mbali na sadaka ya bahasha, kuna mnada nje baada ya ibada, na hapo ndipo mtu asiye na hela nyingi anaweza kutoa kitu kinachoonekana. Yai moja linauzwa mara tatu, kwa kuwa anayelinunua analirudisha mezani liuzwe tena. Ukitoa mkungu, ukate vidole vikiwa vimejaa na kona zake zimeanza kupotea. Uliokatwa mapema hauivi vizuri, unasinyaa tu. Kuku afungwe miguu kwa kamba ya mgomba, siyo waya. Mnunuzi naye aje na noti ndogo ndogo, maana mnada hauna chenji, au tuseme unayo lakini mzee wa kanisa hana haraka ya kuitafuta.

Kilichobaki kwenye mnada na jikoni kiende kwa wajane na wagonjwa wa jumuiya siku ile ile ya Krismasi, kabla ya saa nane mchana. Chakula kikipelekwa tarehe 26 kinapokelewa, ila anayepelekewa anajua ni makombo. Mtori usipelekwe kwenye ndoo ya plastiki iliyofunikwa ukiwa wa moto, unachacha upesi; tumia hotpoti, au uache upoe kwanza.

Na kwa familia zilizokorofishana mwaka huu kwa sababu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, au fedha za mazishi, sikukuu ndio muda ambao wote mko nyumbani. Tuma mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, apeleke jani la isale, ishara ya kuomba msamaha, wewe mwenyewe ufuate nyuma yake. Kwa Wachaga isale halikataliwi hivi hivi. Mfanye hivyo tarehe 24, kabla ya mkesha, ili meza ya kesho yake isiwe na viti vitupu. Ukingoja tarehe 27 mabasi yameshaanza kuondoka.

Mtakaorudi na ndizi, zikateni asubuhi ya safari, zifungeni kwa majani makavu ya mgomba ndani ya gunia, msizifungie kwenye nailoni: joto lake linaziivisha kabla hamjafika Chalinze. Msizipange pamoja na maembe.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye afya, kutoka kwetu sote hapa Moshi. Shikamooni wazee, na watoto wote marahaba.