Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mawasiliano ya Ubongo na Mwendo wa Watoto Wetu

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu, pamoja na wataalamu mliokubali mwaliko wetu,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji naleta mbele yenu taarifa ya mwaka uliokwisha ya chama chetu cha wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo unaotokana na ubongo kuumia ukiwa bado unakua. Kwanza nawapa pole wazazi waliofiwa na watoto wao katika kipindi hiki. Familia hizo zinabaki kuwa wanachama kamili, na mlango wa chama uko wazi kwao. Mambo ya ada, mahudhurio na ukarabati wa viti vya magurudumu yamo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni, kwa hiyo sitayarudia. Muda wangu mwingi nitautumia kwa jambo lililotawala madarasa yetu ya wazazi mwaka mzima, nalo ni namna sehemu za ubongo zinavyowasiliana, na namna mawasiliano hayo yanavyoamua mtoto atashikaje kikombe, atakaaje na atatembeaje.

Tulianza na swali ambalo wazazi wengi huliuliza kliniki: kama mtoto alizaliwa na misuli mizima na mifupa mizima, kwa nini mkono haufunguki? Wataalamu walitueleza kwamba tatizo linaanzia katika njia zinazopeleka na kurudisha habari kati ya ubongo na viungo. Jeraha la ubongo lenyewe halienei kadiri mtoto anavyokua, lakini mahali lilipotua ndipo panapoamua mwendo wake. Kwa mtoto njiti, hasa aliyezaliwa kati ya wiki ya 24 na ya 34 ya mimba, huumia zaidi sehemu nyeupe iliyo kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo, ambamo hupita nyuzi ziendazo miguuni, na ndiyo sababu wengi wao hukakamaa miguu kuliko mikono. Mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni lakini akakosa hewa wakati wa kuzaliwa mara nyingi huumia viini vya katikati ya ubongo, ikiwamo thalamasi, kituo kinachopokea habari za hisia na kuzipeleka mbele. Yule ambaye ugonjwa wa manjano ulimzidi bila kutibiwa mapema huumia viini vya ndani vinavyoratibu mwendo, na mwili wake hujinyonganyonga bila yeye kutaka. Watoto hawa watatu hukaa benchi moja kliniki, ila zoezi linalomfaa mmoja huenda lisimfae mwenzake.

Somo lililotugusa zaidi lilihusu watoto walioathirika upande mmoja wa mwili. Nyuzi kuu za mwendo hutoka kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, hushuka, na zinapokaribia uti wa mgongo nyingi kati yake huvuka kwenda upande wa pili, kwa hiyo ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia. Mtoto mchanga, hata hivyo, huzaliwa na nyuzi zinazovuka pamoja na zisizovuka, na katika miaka miwili hivi ya mwanzo zile zisizovuka hupungua kwa kuzidiwa nguvu na wenzao. Njia isiyopitwa huota majani, na ndivyo ilivyo kwa nyuzi hizi. Sasa, upande mmoja wa ubongo ukijeruhiwa mapema, ushindani huo hugeuka: upande uliosalimika hubaki na nyuzi zake zisizovuka, na kwa baadhi ya watoto ndio unaoendesha mikono yote miwili. Watafiti wa Uingereza na Ujerumani waliliona hili kwa kuamsha ubongo kwa usumaku kutoka nje ya fuvu. Hapo wazazi kadhaa wakaelewa kwa nini mtoto akifumba mkono wake mzima, ule mwingine nao hufumba wenyewe. Huo si ukaidi, wala si kutosikia anapoambiwa, kwa maana amri moja inafika mikono yote miwili. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wapo watoto wetu waliowahi kuchapwa kwa jambo hilohilo, na naomba lisitokee tena katika nyumba ya mwanachama yeyote wala katika darasa la mwalimu yeyote tunayemfahamu.

Jambo la pili ni hisia. Mwaka 2002 Alexander Hoon na wenzake wa Baltimore, Marekani, walichunguza watoto wachache waliozaliwa njiti kwa aina ya MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) inayofuatilia jinsi maji yanavyosogea ndani ya sehemu nyeupe ya ubongo, na mwaka 2009 wakachapisha matokeo ya kundi kubwa zaidi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba njia inayoshusha amri kwenda kwenye misuli ndiyo iliyoharibika zaidi. Wao walikuta kwamba nyuzi zinazotoka kwenye thalamasi kupeleka habari za hisia kwenye gamba la ubongo ndizo zilizoumia zaidi. Maana yake kwetu ni kubwa. Mkono ambao hauupi ubongo habari za kutosha kuhusu ulichokigusa, wala kuhusu mahali ulipo, hauwezi kuongozwa vizuri hata kama nguvu ipo. Kwa hiyo tumewahimiza wazazi wamwachie mtoto aguse mchanga, achambue maharage, apapase kitambaa kikavu na kilichoroa, huku akiangalia mkono wake, kwani macho humsaidia kujazia kile ambacho ngozi na viungo havikufikisha.

Kuhusu picha za ubongo unaofanya kazi, Seiji Ogawa alionyesha mwaka 1990 kwamba MRI inaweza kufuatilia oksijeni katika damu ya ubongo, na mwaka 1995 Bharat Biswal akaonyesha kwamba maeneo ya mwendo ya kulia na ya kushoto hupanda na kushuka pamoja hata mtu anapokuwa ametulia. Tangu hapo watafiti wameona kwamba mapatano hayo mara nyingi huwa tofauti kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Ni elimu yenye thamani, ila nawaomba muipokee kwa kiasi. Tafiti nyingi za namna hii zimefanywa kwa makundi madogo, tena kwa watoto wanaoweza kulala bila kutikisika ndani ya mashine, yaani wale wenye hali nafuu, na picha hizo bado hazimwambii daktari mtoto huyu mmoja atatembea lini. MRI ya kawaida ifanyike pale daktari anapoihitaji. Asiwepo mzazi wa kuuza shamba ili tu auone ubongo wa mwanawe, na mazoezi yasisubiri kipimo. Vivyo hivyo, wale wanaopita mitaani wakiuza mafuta na virutubisho vya kile wanachokiita kuunganisha mishipa ya ubongo hawana uthibitisho wowote, na Kamati imekataa kuwapa nafasi katika mikutano yetu.

Kinachojenga njia za ubongo ni mtoto mwenyewe kutenda, mara nyingi, jambo analolitaka. Ushahidi ulio imara uko kwenye mazoezi yenye lengo, kama vile kuuzuia kwa muda mkono mzima kwa glavu ili ule dhaifu ufanye kazi, au mazoezi ya mikono miwili kwa pamoja, ambayo Andrew Gordon na wenzake wa New York waliyatolea ushahidi wa majaribio mwaka 2007. Kumnyoosha mtoto aliyelala tu, au kumkanda, humpa faraja, na sisemi faraja ni kitu kidogo, lakini peke yake hakumfundishi ubongo kazi mpya. Mtoto afungue kopo la maziwa, avute nguo ya kuvaa, ashike sahani kwa mkono mmoja na kijiko kwa mwingine.

Muda nao una uzito, kwa kuwa ushindani wa nyuzi niliouelezea hutokea katika miaka ya mwanzo. Mwongozo uliochapishwa mwaka 2017 na Iona Novak na wenzake unasema mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa kabla ya miezi 6, wakati wengi wetu tuliambiwa vituoni tusubiri, kwamba mtoto atakaa tu. Njia mojawapo, iliyoanzishwa na Heinz Prechtl, humtazama mtoto wa miezi 3 hadi 5 akiwa amelala chali lakini yuko macho, ili kuona kama ana ile miondoko midogomidogo ya mfululizo ya shingo, kiwiliwili na viungo. Mwongozo huo unaipa njia hii uwezo wa kubaini wa asilimia 98, yaani kati ya watoto 100 wenye mtindio wa ubongo huwatambua 98 hivi. Haihitaji mashine kubwa. Inahitaji video ya simu na mtu aliyefunzwa kuisoma.

Tusisahau kinga. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta watoto 2.9 wenye mtindio wa ubongo katika kila watoto 1,000, na takribani robo yao waliumia baada ya kipindi cha uchanga. Ndiyo maana homa kali na degedege vinastahili safari ya hospitali usiku uleule.

Kutokana na hayo, Kamati inaleta hoja mbili za kupigiwa kura leo. Kwanza, fungu lililokuwa likilipia kukandwa kwa watoto lihamishiwe kwenye kuwafundisha wazazi mazoezi ya vitendo nyumbani, chini ya usimamizi wa wataalamu wa fiziotherapia na tiba kwa vitendo. Pili, chama kigharamie mafunzo ya wahudumu wawili wa kusoma video za watoto wachanga, tukianza na walioruhusiwa kutoka wodi za watoto njiti, na kazi hiyo izinduliwe tarehe 6 Oktoba, Siku ya Mtindio wa Ubongo Duniani. Mweka hazina atasoma sasa gharama za kila hoja, kisha tutapokea maswali yenu kabla ya kura.