Kabla ya itifaki, ulizeni ufunguo unashikwa na nani

Mhariri,

Wanaotengeneza mitandao ya kijamii isiyo na mmiliki mmoja hubishana sana kuhusu kasi na lugha ya kuandikia programu. Hayo hurekebishika baadaye. Utambulisho wa mtumiaji haurekebishiki kirahisi, na hapo ndipo itifaki tatu zinazotajwa sana (itifaki ni kanuni za kompyuta kuwasiliana) hutofautiana: ActivityPub, AT Protocol na Nostr.

ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018 na inayotumiwa na mtandao wa Mastodon, hufunga jina kwenye seva (kompyuta inayohifadhi akaunti) kama barua pepe. Ukihama Mastodon, wafuasi huja nawe lakini machapisho hubaki. Seva ikifa ghafla, wafuasi nao wamekwenda, maana seva ya zamani ndiyo hutangaza uhamisho. Ugumu wake mkubwa ni usambazaji. Chapisho la mwenye wafuasi 3,000 waliotapakaa kwenye seva 200 lisitumwe mara 3,000. Tumia sharedInbox, yaani kisanduku cha pamoja cha kila seva, idadi ipungue hadi 200, na kazi ipite kwenye foleni ya nyuma ya pazia ili mtumiaji asisubiri. Sahihi za kidijitali zinazothibitisha mtumaji zikikataliwa, kagua kwanza saa ya seva, kisha hashi (alama ya kipekee inayokokotolewa kutoka kwenye ujumbe): je, ilikokotolewa juu ya baiti zilezile zilizotumwa? Wengi huipanga JSON (data ya ujumbe wenyewe) upya baada ya kutia sahihi, halafu huilaumu seva ya jirani.

AT Protocol ya mtandao wa Bluesky hutenga mambo: DID, namba ya kipekee ya mtumiaji, ndiyo utambulisho wa kudumu; jina ni kikoa tu (jina la tovuti); na data hukaa kwenye PDS, seva ya data ya mtumiaji. Kutumia kikoa chako kunahitaji rekodi moja ya TXT (mstari wa maandishi kwenye mipangilio ya kikoa) kwenye _atproto. Unaweza kuhama na machapisho yako yote hata PDS ikiwa imekufa, mradi una nakala ya data yako na ufunguo wako wa mzunguko (siri inayokuruhusu kubadilisha mipangilio ya DID) uliosajiliwa mapema. Wachache huusajili. PDS ni nyepesi. Kinachokula fedha ni kuorodhesha mtandao mzima. Na rekodi zake ni za hadharani, kwa hiyo gumzo la faragha lisiwekwe humo.

Nostr haina akaunti kabisa: una jozi ya funguo za siri na za hadharani, na rilei kadhaa, yaani seva zinazopokea na kusambaza ujumbe. Ufunguo ukipotea, hakuna "nimesahau nenosiri", jambo zito kwa watu waliozoea kurudisha laini iliyopotea na kuendelea. Kosa la kila siku kwa waandishi wa JavaScript ni kujaza created_at (muda wa kuandikwa kwa ujumbe) kwa milisekunde badala ya sekunde. Ujumbe huonekana umetoka maelfu ya miaka ijayo, na rilei nyingi huutupa.

Kwa jumuiya ya mji au chuo ningechagua ActivityPub, kwa kuwa msimamizi anaweza kuzuia seva nzima yenye fujo. Ila kikoa kilipiwe na jumuiya yenyewe, si na fundi, na kiamuliwe kabla ya mtumiaji wa kwanza: LOCAL_DOMAIN, mpangilio wa kikoa cha Mastodon, haibadilishwi salama baada ya hapo.

Mtengenezaji wa programu,
Mombasa