Barua ya Wazi kwa Shangazi: Kuhusu Mwanamke Aliyepiga Deki Mbele ya Makumbusho

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wewe uliyefagia barabara za mji tangu nikiwa mdogo uliniuliza kama kupiga deki nako siku hizi kunasomewa chuoni. Swali lako ni la haki, nami nalijibu hadharani kwa kuwa wapo wengi wanaoliuliza: ndiyo, kunasomewa, na tasnifu yangu inamhusu mwanamke aliyekufanya kuwa sanaa.

Mierle Laderman Ukeles, msanii wa Marekani, alipata mtoto wake wa kwanza mwaka 1968, na siku zake zikajaa nepi, vyombo na vumbi. Mwaka uliofuata aliandika ilani akitangaza kwamba kufua, kupika na kufagia, kazi alizokuwa akizifanya nyumbani pasipo kuonekana, atazifanya mbele ya watu na zitakuwa sanaa yake. Humo aliuliza jambo ambalo naliona zito kuliko hotuba nyingi za ukombozi: baada ya mapinduzi, ni nani atakayezoa taka Jumatatu asubuhi?

Julai 1973, nje ya makumbusho ya sanaa ya Wadsworth Atheneum mjini Hartford, Marekani, alimwaga maji kwenye ngazi, akapiga magoti na kusugua kwa matambara ya nepi, na kila mgeni alipopita na kuacha nyayo, alizifuta na kuanza upya, kwa muda wa saa nne. Kisha akaingia ndani na kusugua sakafu kwa saa nne nyingine. Unajua vema adha ya kukanyagiwa mahali ambapo hujamaliza kupasafisha. Siku ile, aliyekanyaga alilazimika kumwona anayesafisha.

Wapo wanaosema kwamba huo ni mchezo wa mtu mwenye hiari, na kwamba kesho yake ngazi zile zilisafishwa na mfanyakazi yule yule wa kila siku. Hoja hiyo ina uzito, na ningeikubali yote kama Ukeles angeishia Hartford. Lakini tangu 1977 amekuwa msanii mkaazi, yaani msanii anayefanyia sanaa yake ndani ya taasisi, asiyelipwa mshahara, wa idara ya usafi ya Jiji la New York, na kati ya 1979 na 1980 aliwazungukia wafanyakazi wa idara hiyo wapatao 8,500, akampa kila mmoja mkono na kumshukuru kwa kuliweka jiji hai.

Huko ndiko mchezo wake ulikokomaa. Mwaka 1983 magari sita ya kufagia barabara yalicheza dansi katika maandamano ya sanaa jijini humo, na mwaka 2003, huko Tokamachi nchini Japani, madereva wa magari ya kuondoa theluji walicheza nayo dansi mbele ya umma. Kinachonigusa ni kwamba ustadi ulioshangiliwa ulikuwa wa madereva wenyewe, ule ule wanaoutumia kazini wakati hakuna anayewatazama.

Shangazi, naomba uniandikie: kama msanii huyo angekufikia alfajiri ukiwa na fagio mkononi, akakupa mkono na kukushukuru, ungemjibu nini? Ningependa jibu lako liwemo katika tasnifu yangu, kwa maneno yako mwenyewe.

Wako akupendaye,
Mtoto wa kaka yako